Mtoto wa Mbarali hajawahi kuiona bahari. Nitamfundishaje kuilinda na plastiki?

Mwl_Usangu (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajamvi.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, sekondari ya kata, wilaya ya Mbarali, jirani na Chimala. Barabara kuu ya Dar kwenda Tunduma inapita mita chache kutoka darasani, na mfereji wa mpunga unapita nyuma ya vyoo. Nina klabu ya mazingira ya watoto thelathini na kidogo. Nusu yao wanakuja kwa sababu tunakutana Ijumaa mchana, saa ya kufyeka uwanja. Hilo nalijua, silisemi.

Mwezi uliopita nilibandika ukutani bango la kasa. Nikaeleza kwa mbwembwe zote: kasa anakula yavuyavu, kiumbe laini anayeelea baharini, mfuko wa plastiki ukielea majini unafanana na yavuyavu, anaumeza, tumbo linaziba, anakufa kwa njaa huku tumbo limejaa. Nikaona kimya kimetanda, nikajua ujumbe umefika. Nikauliza kama kuna swali.

Binti mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwani kasa ndiyo kobe?" Darasa likacheka. Nikasema ni ndugu wa kobe, ila anaishi baharini. Akabaki amesimama. "Sasa huyo kobe wa baharini amekula mfuko wetu wa hapa?"

Wakuu, nilibabaika. Katika watoto wale, waliowahi kuiona bahari ni wawili, na mmoja aliiona dirishani kwenye basi akienda msibani Mbagala. Nikiwaambia "tuilinde bahari" wanaitikia "ndiyo mwalimu" kwa sauti ileile wanayoitikia amani ya dunia.

Wenye uzoefu, nifundishe nini? Na je, mfuko wa hapa unafika kweli?

---

Kijana_Mwanjelwa

Bahari, Mbarali? Mwalimu leo umewahi kilabuni.

---

Mnyalukolo_Halisi

Kamwene wakuu.

Huyo kijana wa Mwanjelwa msameheni, ni baridi. Mwalimu, swali la binti yako lina jibu na liko kwenye ramani. Mto Chimala unashuka milimani, unaingia bonde la Usangu, unaukuta Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu unatandaa kwenye ardhi oevu ya Ihefu, unatokea pale kwenye mwamba wa Ng'iriama, unapita Hifadhi ya Ruaha. Huko mbele unaungana na Ruaha Mdogo unaotoka kwetu, huu unaopita Ipogolo ukiwa umebeba kila kitu cha Iringa mjini. Halafu bwawa la Mtera, halafu la Kidatu, halafu unaingia Rufiji. Rufiji unapita Bwawa la Nyerere, unagawanyika kwenye delta yenye mikoko mingi kuliko delta yoyote Afrika Mashariki, na ukisimama mwisho wa ile mikoko, ng'ambo ni Mafia.

Yaani mtoto wako akitupa chupa mferejini ameiandikia anwani ya Mafia. Mchoree huo mto ubaoni kuanzia nyuma ya vyoo vyenu mpaka kisiwani, halafu umwambie kwamba huko kuna hifadhi ya bahari tangu 1995, ya kwanza nchini.

---

Mwana_wa_Matema

Mnyalu umesema vyema, ila mnaisahau nusu ya mkoa. Sisi wa Kyela na Rungwe maji yetu hayaendi Rufiji. Mto Kiwira ukishapita Daraja la Mungu na Kijungu unakuja moja kwa moja Ziwa Nyasa. Na wenzetu wa Mbeya mjini na Mbalizi maji yao yanaingia Songwe, lakini siyo Songwe ya mpakani na Malawi. Kuna Songwe mbili. Ile yao inakwenda Ziwa Rukwa, na Rukwa halina mlango wa kutokea. Kinachoingia hakitoki.

Hata Nyasa, mlango upo ila mdogo. Maji hutoka kwa mto Shire upande wa Malawi, yakaingia Zambezi, ndipo baharini. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili yanapotea juani kwa mvuke. Mvuke haubebi plastiki! Inabaki.

Na viumbe wetu hawana pa kuhamia. Lile ziwa lina kina cha kama mita 700 na mamia ya aina za samaki ambao huwapati popote pengine duniani. Wale samaki wadogo wa rangirangi wa miambani Matema, wengi wao mama anayalea mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Anakula kwa kuparuza ukoga kwenye jiwe au kuchekecha mchanga. Sasa hebu fikiria huo mchanga ukichanganyika na punje za plastiki.

Mwalimu, lete watoto Matema. Acha habari za kobe.

---

Mwl_Usangu

Nauli ya watoto thelathini mpaka Matema unailipa wewe, ndugu yangu?

Lakini hili la Songwe mbili nimelichukua. Nafundisha jiografia mwaka wa tisa, sijawahi kulitumia hivyo.

---

Mpima_Maji

Nimefanya kazi ya kupima maji ya mito ukanda huu zaidi ya miaka ishirini, sasa napumzika na ng'ombe wangu wawili. Naomba niwatibulie kidogo.

Mwalimu, usimdanganye yule binti. Chupa yenu ina uwezekano mdogo sana wa kumfikia kasa wa Mafia. Ihesabie vikwazo: kwanza banio, lile lango la maji la skimu yenu ya umwagiliaji, pili majaruba ya mpunga, tatu Ihefu, ambayo ni chekecheo kubwa la majani, nne Mtera, tano Kidatu, sita Bwawa la Nyerere. Na tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu unakauka kiangazi ndani ya hifadhi, maji yanabaki madimbwi ya viboko. Chupa hiyo inatembea kwa miguu?

Zamani ilitangazwa kwamba mito kumi tu ndiyo inayopeleka plastiki nyingi baharini. Utafiti wa 2021 ukaonyesha picha nyingine: mito zaidi ya elfu moja ndiyo inayopeleka kama asilimia 80 ya plastiki inayopitia mitoni, na mingi ni mito mifupi inayokatiza miji ya pwani. Mto Msimbazi pale Dar una haki ya kuogopwa na kasa kuliko mto Chimala.

Ila msishangilie. Kuna jambo watu hawalijui. Chupa ya maji ya kunywa imetengenezwa kwa plastiki nzito kuliko maji. Ukiitupa imefungwa, inaelea kwa sababu ya hewa. Ukiitupa wazi, inajaa na kuzama palepale. Kifuniko chake ni plastiki nyingine, nyepesi, hakizami. Mfuko laini nao huelea. Jaribuni kwenye ndoo darasani, hamhitaji nauli. Kwa hiyo kinachosafiri mbali ni vifuniko na vipande vyepesi. Na jua linavimeng'enya: plastiki haiozi, inavunjikavunjika tu, mpaka inakuwa punje chini ya milimita tano, halafu ndogo zaidi. Hizo hazizuiliwi na banio wala mwamba wa Ng'iriama.

Kwa hiyo jibu la binti ni hili: mfuko mzima, pengine hapana. Vumbi lake, inawezekana, baada ya miaka. Lakini kabla ya hapo umeshakaa shambani kwa baba yake.

---

Mnyalukolo_Halisi

Mzee umeivunja anwani yangu ya Mafia mbele za watu.

---

Mpima_Maji

Sijaivunja, nimeiongezea vituo.

---

Konda_Mstaafu

Mwalimu, hizo chupa kwenye mfereji wenu nazijua mpaka kwa majina. Ni sisi.

Nimekuwa konda wa mabasi ya njia hiyo miaka kumi na moja. Tunatoka Dar alfajiri, abiria anapewa maji na soda. Ikifika Igawa anahisi amekaribia, anasafisha kiti chake kwa kufungua dirisha. Mifuko ya kutapikia nayo hivyohivyo, samahani kwa wanaokula. Tulikuwa na pipa ndani, lakini likijaa unafikiri tulilimwaga wapi? Tunasimama porini "kuchimba dawa", pipa linamwagwa, safari inaendelea. Kampuni ilitaka basi liingie stendi likiwa safi. Limeingia safi.

Siku moja mama mmoja wa makamo alinikamata mkono pale Chimala, akaniambia, "Mwanangu, huku unakotupa ndiko unakonunua mchele." Sikumjibu. Nilinunua ule mchele miaka yote.

Watoto wako wafundishe, lakini wajue kwamba wengi wanaochafua mto wao hawaishi hapo na hawatahudhuria kipindi.

---

MamaNtilie_Rujewa

Asante konda kwa kusema ukweli, nilikuwa nimeshika mwiko tayari.

Mimi nina langu kwa mwalimu. Mwanangu wa darasa la sita alirudi nyumbani na somo kama lako. Kesho yake namtuma nyanya za mia tano na dagaa, akamwambia muuzaji hataki kifuko. Muuzaji akamwuliza, "Kwa hiyo nikuwekee kwenye sketi?" Akaweka kwenye sketi kweli. Amefika na nyanya tatu, dagaa wamebaki njiani na kuku wa jirani.

Nimecheka, ila nilijiuliza. Mifuko ile ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Tukaambiwa ukikutwa nayo ni faini ya kuanzia elfu thelathini mpaka laki mbili, au siku zisizozidi saba ndani. Ikapotea kweli, nakumbuka tulirudi kwenye vikapu, na mafundi wa ukili walipata pesa. Halafu vikaja hivi vifuko laini visivyo na mikono, eti ni vifungashio. Leo nyanya, bamia, dagaa, maandazi, kila kitu kimo humo. Kimoja kinatumika dakika kumi. Mtoto amefundishwa kukataa, dukani hakuna kingine, na mtaani hakuna pipa. Unamtuma mtoto vitani na kijiti.

---

Kijana_Mwanjelwa

Mama, si mnachoma tu? Sisi nyumbani jioni tunachoma yote, biashara imeisha.

---

Mpima_Maji

Kijana, moshi wa plastiki una sumu, na moto wa kwenye shimo nyuma ya nyumba hauna joto la kuiteketeza. Anayeuvuta ni bibi yako aliyekaa hapo anachambua maharage. Na majivu yake yakipigwa na mvua yanashuka mtoni vilevile.

---

Kijana_Mwanjelwa

Bibi anakaa upande wa pili lakini sawa, nimekusoma mzee.

---

Miche_Njombe

Mbona hamtaji sisi wa miti na maparachichi? Huku Njombe na Mufindi kila mtu ana kitalu. Mche mmoja, kiriba kimoja cha plastiki. Siku ya kupanda unachana kiriba, unakitupa hapohapo. Wengine wanapanda nacho kabisa, mizizi inajifunga fundo ndani na mti unadumaa. Nimekwenda shamba moja la jamaa yangu mabondeni, ukitembea unasikia chwa chwa chwa chini ya miguu. Maji yetu mengi yanashuka Ruhuji, Ruhuji inaingia Kilombero, Kilombero inaingia Rufiji. Kwa hiyo hata sisi tumo kwenye anwani ya yule Mnyalu.

Klabu yangu ya kijiji tulianza kuhesabu: viriba vilivyotoka kitaluni na viriba vilivyorudi. Hairudi hata nusu. Lakini vijana wameanza kuoteshea kwenye mabua ya ndizi yaliyokunjwa, kwa miche ya muda mfupi inafaa. Kwa parachichi ya kubebesha bado hatujapata dawa.

---

Kibiti_Delta

Nimeufuata uzi huu toka juu kama maji yanavyoshuka.

Mimi ni wa huku chini. Niseme ukweli wa Mungu: takataka nyingi ninazoziona mikokoni huletwa na bahari yenyewe na miji ya pwani. Kandambili, vifuniko, nyavu zilizokatika. Nyavu ndizo mbaya zaidi, zinaendelea kuvua bila mvuvi. Mbeya siwalaumu sana.

Lakini mafuriko ya Aprili 2024 nayakumbuka. Maji yalipopungua, juu ya matawi ya miembe palikuwa pamening'inia magugu, magunia, chupa. Sikuziuliza kabila. Mwaka wa maji makubwa vile vituo vya mzee Mpima Maji havizuii sawasawa.

Na kama mwalimu anatafuta mnyama wa kuwaambia watoto, kasa ni sawa, wapo wanaotaga Mafia. Ila mimi ningewaambia habari za papa potwe. Samaki mkubwa kuliko wote duniani, anakuja Mafia kuanzia Oktoba hivi mpaka Machi, na pamoja na ukubwa wote huo anakula vidudu vidogo sana. Anafungua domo kama mlango wa gereji na kuchuja maji. Hawezi kuchagua kipi ni dagaa na kipi ni kipande cha kandambili.

---

Mwana_wa_Matema

Hapo kwa papa potwe nimekubali. Ila watoto wa Kyela waanze na usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa.

---

Chupa_Tupu

Nyie wote mmekulia wapi? Mimi nikitumwa soda miaka ile nilikwenda na chupa mkononi. Hukuwa na chupa, uliacha pesa ya chupa au uliinywa palepale umesimama mlangoni huku mwenye duka anakukodolea. Kuna mtu aliwahi kuona chupa ya soda ya kioo imetupwa mferejini? Tungeiokota tukimbie nayo dukani! Hakuna aliyetufundisha mazingira. Chupa ilikuwa na thamani, basi.

Ikaja soda ya teki-awei, tukaambiwa ni maendeleo. Leo waokota makopo wanazunguka na salfeti mgongoni, wanauza kwa kilo, bei haieleweki, na jasho la siku nzima linaishia kwenye chai na chapati mbili. Wawekeeni chupa ya plastiki amana ya shilingi mia tu, irudishwe dukani. Klabu ya mwalimu itakosa kazi ndani ya mwezi.

---

Mwl_Usangu

Chupa_Tupu umenigusa, ila sina mamlaka ya kuweka amana. Nina chaki.

Wakuu, nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu nilikuwa nafanya mlichosema. Bango la kasa nimelishusha. Sikulichana, nimelikunja niliweke kwa ajili ya kidato cha nne.

Ijumaa ya kwanza tulifanya ndoo ya mzee Mpima Maji. Chupa iliyofungwa, chupa wazi, kifuniko, kifuko, kipande cha salfeti. Watoto waliweka dau kabla. Karibu wote walishindwa kwenye chupa wazi, walijua itaelea. Kelele zilizopigwa pale, mkuu wa shule alikuja akifikiri kuna nyoka.

Ijumaa ya pili tulichukua magunzi ya mahindi arobaini. Tukayachoma namba kwa msumari wa moto, moja mpaka arobaini. Gunzi linaelea, na likipotea halimdhuru mtu, linaoza. Tukayatupa kwenye mto pale kwenye kalavati ya barabara kuu, panapoangukia chupa za konda wetu. Watoto nikawagawa kando ya mto na mfereji mkuu.

Mpaka jioni magunzi kumi na tisa yalikuwa yamenasa kwenye nondo za banio, yamekaa katikati ya chupa, vifuko, na paketi za dawa za kuua wadudu. Zile paketi sikuzitarajia, na niliwakataza kuzishika. Saba yaliingia mfereji mkuu. Mengine hatukuyaona.

Sasa sikieni. Jumatatu baba wa mtoto mmoja amekuja shuleni na gunzi namba 17 mkononi, amefura. Amelikuta jarubani kwake, anataka kujua ni nani anayemtupia takataka shambani na kwa nini zina namba. Yule binti, ni yuleyule, akamweleza mbele ya ofisi. Akamwuliza, "Baba, gunzi umeliona kwa sababu lina namba. Chupa ngapi umezitoa mwaka huu?" Mzee akasema anatoa nusu gunia kila msimu kabla ya kupandikiza, na alikuwa akidhani zinatoka kwa jirani yake wa juu. Wamegombana mara mbili kwa ajili hiyo. Jirani wa juu naye alikuwa akidhani hivyohivyo kwa aliye juu yake.

Wenye skimu wamekubali nondo za banio zisafishwe kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa sababu siku ya usafi ipo tayari na watu walikuwa wanaimaliza kwa kufagia mbele ya ofisi ya kata. Watoto watahesabu kinachotoka, kwa aina. Konda, nitakuomba uje uzungumze nao. Hawatakupiga.

Kwa Kasa wa Mafia sijarudi bado. Nimewachorea mto mzima ubaoni kama Mnyalu alivyosema, na vituo vyote vya mzee. Binti ameuliza kwa nini hakuna mtu anayesafisha kituo cha pili mpaka cha sita.

---

Konda_Mstaafu

Nitakuja. Nije na pipa?

---

MamaNtilie_Rujewa

Njoo na njaa, chakula kwangu.

---

Kijana_Mwanjelwa

Mwalimu, hayo magunzi mengine kumi na manne yako wapi?

---

Mwl_Usangu

Hatujui. Usiku ule ilinyesha.

---

Kibiti_Delta

Nipeni namba zake.